Bip Kutoka Kisiwani

Laini ya dharura ya Kisiwani niliifunga mimi, kwa mikono yangu hii, kwenye hospitali moja ya Masoko. Muuguzi wa zahanati ya ng'ambo akibonyeza kitufe chekundu, simu iite kwa pamoja kwa daktari, wodi ya wazazi na nahodha wa boti ya wagonjwa, na wote wazungumze kwenye laini moja. Wakubwa wangu wa Dar walitaka iwe ya kupiga tu, isipokee, watu wasije wakaijaza umbea. Haya, nikaiweka hivyo.

Siku ile nilikuwa namalizia kazi, lakini akili haikuwepo. Mdogo wangu ameolewa Kisiwani, na shemeji alikuwa amenipigia kwamba uchungu umemshika, wako zahanati.

Mchana simu zote zikalia. Mlio mmoja, kimya.

"Fundi, unatuchosha na majaribio yako," daktari alisema.

"Sijagusa kitu, daktari."

Zikalia tena, zikakata. Nikaangalia kwenye kompyuta yangu: Kisiwani. Nikadhani ni waya, nikadhani ni betri, nikaitukana mashine matusi ambayo mama yangu hakunifundisha. Zilipolia na kukata tena vilevile, ndipo nikaelewa. Mungu wangu, yule mama muuguzi alikuwa anabip! Anambip daktari kama sote tunavyowabip wakubwa, halafu anakaa anangoja apigiwe. Na laini yake haipokei.

"Mpigie basi!" daktari alisema nilipomweleza.

Nikapiga simu ya mkononi ya muuguzi, haipatikani. Ya shemeji, haipatikani. Kubadilisha laini ipokee kulitaka nizime kisanduku kizima cha simu za hospitali kiwake upya, na kikiwa kimezimwa hata hiyo bip tusingeisikia.

"Huko kuna nani?" daktari akaniuliza.

"Mdogo wangu anajifungua."

"Zima."

Nikazima. Simu za hospitali nzima zikafa. Daktari akampigia nahodha kwa simu yake mwenyewe, aondoke hivyo hivyo. Lakini boti haichomi sindano, na sisi hatukujua kuna nini kule. Nilisimama mbele ya kile kisanduku kikijiwasha upya, taa zake zikipepesa kwa madaha, nikatamani kukipiga teke. Niliogopa, sifichi.

Kilipowaka nikapiga, nikawaunganisha wote.

"Hallo? Daktari, shikamoo, samahani kwa usum..."

"Mama, shikamoo baadaye! Sema kuna nini!" nikamfokea mtu mzima wa kunizaa.

"Mtoto katoka salama. Kondo la nyuma limegoma, na damu haikatiki. Sindano nimemchoma. Nilikuwa nabip, mwanangu. Daktari ana wagonjwa wake, nikaona nisimng'ang'anie, akipata nafasi atapiga."

Daktari akainamia spika. "Mchome ya pili. Kanda tumbo, usiache kukanda. Nahodha, umefika wapi?"

"Naegesha," nahodha akajibu, injini ikinguruma nyuma yake. "Nakuja na machela."

Kisha ikapita sauti nyembamba, ya mbali na spika.

"Dada? Si wewe huyo unayefoka?"

"Ni mimi."

"Nasikia usingizi."

Daktari akanitolea macho. "Asilale! Mzungumzishe!"

Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Mimi, ambaye nyumbani kwetu wananikimbia kwa mdomo!

"Nifokee, dada," akasema. "Nifokee nisilale."

Basi nikamfokea. Nikamwambia ni mbishi tangu utotoni, nilimwambia aje akae kwangu Masoko mwezi wa mwisho akajidai ana kuku wa kuangalia, kuku! Nikamwuliza hao kuku ndio watakaomlelea mtoto? Walipompakia, nahodha akamwekea simu yake sikioni, na maji yote yale wakayavuka mimi nafoka. Nikinyamaza kidogo tu, daktari ananigusa bega: endelea. Majibu ya mdogo wangu yakazidi kuwa mafupi, halafu yakawa miguno, na mimi nikazidisha makelele huku machozi yananiingia mdomoni.

Nilikuwa bado nafoka machela ilipoingizwa mlangoni. Akafumbua jicho moja.

"Yatosha, dada," akasema. "Nimesikia."