Mama, Bandika Chai!

Mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Ellis Haworth alikuwa rubani wa kurusha watalii ufukweni Blackpool, Uingereza, enzi ambazo mwenye ndege alijiona mfalme wa anga. Kila Jumapili asubuhi, kabla wateja hawajaja, aliruka hadi kwao Burnley, akashuka karibu aguse dohani, akapunguza injini na kupayuka: "Mama, bandika chai!"

Chai yenyewe hakuinywa. Ulikuwa utani wao tu. Bi Hannah alitoka uani na aproni, akitikisa kijiko. "Toka wewe, mwendawazimu! Utanivunjia paa!" Kisha alirudi ndani akanywa vikombe viwili, chake na cha mwanawe.

"Ipo siku watamkamata huyo," jirani yake, Bi Tetlow, alimwonya.

"Thubutu! Ellis wangu hata mfalme hamwezi."

Basi serikali ikatunga sheria ya anga. Rubani awe na leseni, ndege ikaguliwe, na ni marufuku kuruka chini juu ya mji. Sheria nzuri, nani abishe? Injini zile zilizimika ovyo, na watoto walijaa barabarani. Polisi akamngoja Ellis ufukweni.

"Safari hii nakuonya tu, kijana. Ukirudia, leseni huna."

Angepanda treni akamweleza mama yake, yangekwisha. Lakini wapi! Aliona haya: mwanamume aliyerudi mzima vitani, leo akatazwe kumwita mama yake? Akawa anapita juu kabisa, akiyumbisha mabawa, akijidanganya kwamba mama anamwona. Mjinga mkubwa! Alijua fika macho ya mama yake hayaoni hata ng'ambo ya barabara.

"Nitakwenda Jumapili ijayo," alijiambia, na Jumapili ndiyo siku ya wateja. Kiangazi kikapita hivyo hivyo. Baridi ilipoingia, kichomi kikamchukua Bi Hannah.

Baada ya maziko, Bi Tetlow alimmiminia Ellis chai jikoni mwa marehemu.

"Kila akisikia ndege alikuwa anabandika chai," alisema. "Anatoka uani, anasikiliza weee, halafu anarudi ndani. Namuuliza, 'Huyo si Ellis?' Ananijibu, 'Siye. Wangu angeniita.'"

Ellis akaweka kikombe mezani. "Nilikuwa mimi, Bi Tetlow. Kila Jumapili nilikuwa mimi."

Bi Tetlow akamkazia macho.

"Sasa ndiyo unasema?"