Mawe Kumi na Moja Yaliyoliwa

Bosi wetu ni Mkorea, ana karakana ya sare za shule hapa Randburg, na si mtu mbaya. Nataka hilo liandikwe kwanza. Ila mchana wa mashindano haongeleki. Kule kwao ni jioni, na watu wanaoishi kwa mchezo wa mawe meusi na meupe, mshahara kabisa, wanakaa kwenye ubao kushindana. Huku kwetu ni saa sita, tunakula. Yeye anaegemeza tableti kwenye marobota ya kitambaa na kumtazama kijana mmoja wa mji aliozaliwa. Kijana akishinda, bosi anatugawia biskuti. Akishindwa, bosi anapima upindo wa kila sketi kwa rula.

Mama mmoja Mkongomani, mshona kola wetu, alihitaji ruhusa ya wiki mbili. Binti yake anaolewa Lubumbashi, basi linaondoka Ijumaa, na bosi alishakataa mara mbili kwa sababu ya sare za Januari. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Weye Mtanzania," akaniambia, "unasemaka unajua michezo. Utaniambia saa ya kuomba."

Kweli nilikuwa nasema hivyo. Nimekulia Tanga kwenye baraza la wacheza bao, ingawa, nisijisifu, zaidi nilikuwa mtazamaji.

Basi nikasogea na sahani yangu ya pap, ugali wa huku, nyuma ya bosi. Kijana wake alikuwa na mawe meupe. Nikaona anayazunguka meusi, anayazunguka, halafu akayatoa yote ubaoni kwa mkupuo. Nikahesabu kumi na moja! Kwenye bao, ukiliwa hivyo watazamaji wanakuuliza kama nyumbani wameshapika, uwahi. Nikamkonyeza mama.

"Minaenda sasa, ao minangoja?"

"Nenda, mama. Mwenzake kaliwa, hana kitu."

Akakaza kitenge, akaenda na mkasi wake mkononi. Mimi nikatazama tena. Wachezaji wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa, wanaoneshana mawe kwa vidole, kimya, kama mafundi wawili walioharibu gauni moja. Hakuna aliyecheka. Sikuweza kujua nani kashinda. Bosi alijua: alikuwa ameshika rula.

Mama alishaanza kuomba. Bosi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Nani amekuambia leo ni siku nzuri?"

Bila hata kufikiri, mama akanionesha kwa mkasi.

Nikaitwa. Kwa Kiingereza chake na changu, vyote viwili vya kuokoteza, bosi akanieleza kwamba yale kumi na moja mpinzani aliyaacha yaliwe makusudi. Kijana wake alipokuwa anahangaika kuyala, mwenzake alikuwa anajizungushia karibu nusu ya ubao, na mwisho wa mchezo kinachotazamwa hasa ni eneo ulilozungushia. Kijana alipoliona hilo akakubali kushindwa.

"Hata yeye, aliyesomea tangu mtoto, amedanganyika," bosi akasema. Nadhani alikuwa ananifariji. Au alikuwa anajifariji mwenyewe, sina hakika.

"Eish," nikasema, kama wenyeji wa huku wanapokwama.

Akacheka. Si sana. Kisha akamgeukia mama: "Nenda harusini. Huyu atashona kola."

Mimi ni mkata vitambaa. Kola nazijua zikiwa zimelala mezani tu. Nikafungua mdomo niseme hivyo, mama akanikanyaga mguu.

Baadaye alisema ni maombi yake yamejibiwa. Mimi nadhani siku ile bosi alihitaji mtu wa kumcheka. Lakini siwezi kumbishia mama, maana mimi ndiye niliyekosea hesabu.

Jumanne iliyofuata akanitumia sauti kwenye simu, nyuma yake watu wanapiga vigelegele. "Mtanzania! Umefumua kola ngapi?"

"Nne," nikajibu.

"Uongo! Bosi ameniandikia saba."

Zilikuwa sita. Nikamwandikia ukweli huo, nikaweka simu chini, nikaanza kufumua ya saba.