Meza ya Furusheti

Ukinikuta leo nakula bukari, ugali wetu, kwa mikono, usidhani nilizaliwa na akili hiyo. Kuna wakati nilikuwa mtu wa kufunga tai Jumapili ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikakaa peke yangu mezani kupigana na samaki kwa kisu na uma, au furusheti kama tunavyosema sisi wa Lubumbashi. Mara nyingi samaki alishinda. Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa nje karibu na mbabula, jiko letu la makaa, anacheka mpaka anajishika mbavu.

Desturi ilikuwa ya Wabelgiji, lakini kichwa kilichovimba kilikuwa changu. Enzi zao, mtu mweusi aliyetaka kuhesabiwa kuwa amestaarabika, évolué, alitembelewa nyumbani na tume ya wazungu. Walikuja kuangalia unalala juu ya nini, choo chako kikoje, mkeo anakaa nawe mezani ama hakai, mnasemezana kwa Kifaransa ama kwa lugha ya babu zenu. Mimi nilikuwa karani, mtoto wa watu wa Kasai waliokuja Katanga zamani kutafuta kazi, na karte, ile kadi ya ustaarabu waliyoitoa, niliitaka kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji. Nikapiga marufuku lugha ya kwetu ndani ya nyumba. Bibi yangu, ambaye Kifaransa chake kilianza na bonjour kikaishia na merci, akawa bubu kuanzia asubuhi hadi jioni. Nami, bwana mkubwa, nikasema sasa nyumba imetulia.

Siku tume ilipokuja, iliingia kwa mlango wa mbele. Mtaani kwetu mlango wa mbele ulikuwa pambo tu. Watu wote walipitia nyuma, kwenye lupango, ule ua wetu wa kupikia, kufulia na kugombania. Mkubwa wa tume alichukua furusheti moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama katikati ya meno yake, akasema: "Ni safi." Nilikuwa nimesimama kando ya kabati, mikono nyuma, na machozi ya furaha yakanitoka. Karte nikaipata. Kwa jinsi nilivyoringa baada ya hapo, hata mimi ningekuwa jirani yangu ningenichukia.

Kisha uhuru ukaja, na kabla hatujamaliza kuucheza, Katanga ikajitenga. Sisi watu wa Kasai tukageuka wageni katika mji tuliozaliwa. Tukaambiwa turudi kwetu, na huko kwetu kwenyewe mimi sijawahi kufika. Vijana wenye bunduki wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitutafuta. Waliokamatwa walipigwa, na nyumba nyingine zikachomwa. Wengi walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, wakalala huko chini ya maturubai.

Bibi yangu alikuwa na mimba kubwa, baada ya nyingine mbili kuharibika. Hii aliibeba kama mtu anayevuka mto na yai mkononi. Akaniomba twende kambini. Nikamjibu kwamba mtu mwenye karte haendi kulala kwenye matope. Nikamweleza mpango wangu: wakija watakuta kitambaa cheupe, furusheti mahali pake, mimi nimefunga tai. Nitawasalimu kwa Kifaransa cha kueleweka, watajua wameingia kwa mtu wa heshima, wataomba radhi na kwenda zao. Naandika maneno haya na bado masikio yananiwaka.

Walikuja mchana. Niliposikia mabuti nilifunga tai, nikakaa mezani, kifua mbele, macho kwenye mlango wa mbele, hotuba tayari mdomoni. Nikangoja. Mlango haukugongwa. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuingia kwangu kwa mlango ule, na mimi, msomi wa mtaa, hilo sikulifikiria. Walikuwa wameshafika kwenye lupango, nyuma yangu; nikageuza shingo, nikawaona kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

Huko bibi yangu alikuwa ameketi mkekani na mama jirani, mke wa mtu wa reli, mzaliwa wa upande wa Mokambo, Mkatanga halisi. Walikuwa wakila bukari na sombe, majani ya muhogo, katika sahani moja, jambo walilolifanya kila siku na mimi kila siku nikalikunjia uso. Nikasikia sauti ikiuliza Bakasai wako wapi. Mama jirani hakutoa hata mkono kwenye sahani. Akawaambia kwamba huyu ni mdogo wake, yuko karibu kujifungua, na kama wana njaa wanawe mikono, wale. Bibi yangu naye akaongeza maneno matatu manne kwa lugha ya mama jirani. Sikujua kama anaijua. Wakati wote niliomfanya bubu ndani ya nyumba, alikuwa anajifunza kusema huko nje.

Kisha mkubwa wao, kijana wa ndevu za kuhesabu, akanichungulia kutoka mlango wa nyuma.

"Na ule wa tai, njo nani?"

Nikasimama. Kifaransa kikapanda kooni. Kama ningefungua mdomo, ile hotuba ya kikarani ingetuuza pale pale, sisi na mtoto aliye tumboni. Bibi yangu akaniwahi.

"Njo bwana yangu. Anatumika boyi kwa muzungu," akasema, macho kwenye sahani. "Muzungu yake alimupa bile bintu ajifunze kupanga meza."

Boyi! Mji mzima ulijua kwamba watu wa Kasai ni makarani na wenye maringo. Nani alishamwona Mkasai akiitwa mtumishi wa nyumbani mbele ya watu, akanyamaza? Uongo ule ulikuwa na nguvu kwa sababu hiyo hiyo, na mimi nilikuwa karibu kuuvunja. Nilikasirika, nakuambia. Bunduki ile pale, tumbo la bibi yangu lile pale, na mimi nimekasirika kwa kuitwa boyi. Ndipo nikauona mkono wake. Ulikuwa juu ya sahani, umelifinya tonge la bukari mpaka sombe inadondoka. Nikameza Kifaransa chote.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Kijana akaingia na wenzake wawili, wakavuta viti vyangu, wakataka kupakuliwa chakula. Nikawahudumia. Nilipitisha sahani upande wa kushoto, nikamimina maji upande wa kulia, sawa na nilivyojifunza. Wale wawili walikula kwa mikono na kupangusa vidole kwenye kitambaa changu cheupe, nami nikatabasamu. Mkubwa wao akachukua furusheti, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama katikati ya meno.

"Iko safi," akasema. "Boyi, unajua kazi."

Nilikuwa nimesimama kando ya kabati, mikono nyuma. Miguu yenyewe ndiyo iliyonipeleka pale. Nikamkumbuka yule mzungu wa tume, na jinsi nilivyolia kwa furaha. Siku ile pia hakuna aliyeniambia nikae.

Walishiba, wakaondoka. Mabuti yalipokwisha kusikika, bibi yangu aliniita kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwetu, kwamba chakula kinapoa. Nikavua tai, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikanawa, nikakaa kwenye mkeka kati yake na mama jirani. Hakuna aliyecheka, na mimi ningependa wangecheka.

Kabla jua halijatua tulikuwa njiani kwenda kambini, godoro likiwa kichwani kwa mama jirani. Mtoto alizaliwa huko, chini ya turubai, mzima, mwenye sauti. Nilimbembeleza kwa lugha ya kwetu, lakini nusu ya maneno nilikuwa nimeyasahau, na mama yake, akiwa amelala palepale, alinisahihisha neno kwa neno.