Kitabu Kilichopigiwa Kura

Wageni hawakosi kuniuliza: ilikuwaje mwandishi aliyepata tuzo ya taifa akaandika kitabu kimoja tu? Mimi huwajibu kwamba ualimu ulinibana. Uongo mtupu. Tuzo ndiyo iliyonimaliza, ikisaidiwa na mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku milimani, upande wa Vuga, miaka ile vijiji vya Ujamaa vilipopamba moto. Kitabu changu kilimhusu mganga wa mvua aliyeogopa kulowa. Nilikiandika kwenye madaftari ya shule, alasiri, nyumbani kwa mama yangu. Hakuna aliyejali. Jirani akinikuta nimeinamia daftari alikuwa akinitania, "Mwalimu, bado unasahihisha tu? Hao watoto wajinga kiasi hicho?" Basi nikawa huru. Nilimcheka niliyetaka kumcheka, hata marehemu baba yangu.

Mama hakujua kusoma. Kilipotoka nilimsomea nikikigeuza kuwa Kishambaa, sentensi kwa sentensi, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alipotulia akaniambia, "Sasa mwandike dada yako. Asiwe mtu aliyeanguka tu njiani."

Dada alikufa kabla ya Uhuru, mimi nikiwa mtoto. Uchungu ulimshika wakati wa masika, na mtoto akagoma kutoka. Wakati ule mgonjwa alipelekwa hospitali ya Lushoto kwa machela: wanaume wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma kuwapokea, na kila nyumba inatoa mtu. Asiyebeba wenzake naye habebwi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na kila mtu aliijua.

Lakini mwaka ule Mwingereza alikuwa akiwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko mashambani. Kijiji kizima kiligoma. Baba yangu, kwa kuogopa kushtakiwa, alichimba, akahesabiwa msaliti. Kwa hiyo mama alipopiga yowe, nyumba zote zilimsikia na wakaja wanaume watatu tu. Baba akawa wa nne. Wa kuwapokea hakuwepo. Waliteleza kwenye tope, wakapumzika, wakanyanyua tena, na dada akakata roho kabla hawajaiona barabara.

Hayo ndiyo mama aliyotaka niyaandike. Nikamwambia, "Haki ya Mungu, mama, nitamwandika."

Nilikuwa nimeshajaza madaftari mawili ya hadithi yake redio ilipotangaza kwamba mganga wangu wa mvua amepata tuzo. Nikaitwa Dar es Salaam, nikapewa cheti na kalamu ya wino, nikapigwa picha nimesimama na wakubwa. Niliporudi nilikuta kijiji kizima barabarani, ngoma zinalia. Mwenyekiti wa kijiji alipanda juu ya gogo akapaza sauti, akiwaita wanaume kwa Kishambaa: "Wagosi! Tuzo hii si ya mtu mmoja, ni yetu sote! Na kitabu kijacho kitakuwa kitabu cha kijiji!"

Watu wakashangilia. Nami, mjinga wa watu, nikainua kalamu yangu juu nikajibu, "Kweli kabisa! Kila sura nitaisoma mkutanoni, na msiyoikubali nitaifuta!"

Nani alinituma? Sifa tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Tangu hapo sikuwa na alasiri yangu tena. Akija mgeni kutoka wilayani, risala aandike mwalimu wa tuzo. Likizinduliwa josho, risala. Likifunguliwa darasa lisilo na paa, risala. Mchapishaji naye ananiandikia barua juu ya barua: kitabu cha pili kiko wapi, kabla watu hawajakusahau?

Na kila mkutano nilisoma sura. Balozi mmoja wa nyumba kumi akasimama: "Mbona mfereji wetu haumo? Au sisi tulichimba kwa vijiko?" Nikautia mfereji. Mwingine akataka kitalu cha kahawa. Nikatia kitalu. Akina mama wakauliza habari za ushirika wao wa mboga, nao walikuwa na haki, nikautia ushirika. Mikono ikinyooshwa, sura imepita. Nilijidanganya kwamba hayo ni maganda tu, kiini kinakuja. Kiini ni dada.

Siku ikafika nikasoma sura ya machela. Sikumtaja mtu. Hakukuwa na haja, maana waliokuwa wamekaa pale mkutanoni walijijua. Mwenyekiti mwenyewe, enzi hizo kijana mwenye nguvu, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na hakuja. Sasa alikuwa shujaa, mtu aliyemgomea Mwingereza matuta. Watoto wa shule waliimba habari zake, na wimbo ule niliutunga mimi.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mwalimu," akasema taratibu, "zamani ungeandika lolote, nani angesoma? Sasa umepewa tuzo. Nchi nzima itasoma. Waseme nini? Kwamba wagoma matuta walimwacha mzazi akafa njiani?" Akawageukia watu. "Wanaokubali sura hii itolewe, wanyooshe mikono."

Ikanyooka mmoja mmoja, halafu yote. Mwenyekiti akaniangalia, akangoja. Niliwaza kazi yangu, nikawaza kile cheti ukutani, nikawaza kuishi kijijini nisisalimiwe. Baba aliogopa akachimba matuta. Mimi niliogopa nikanyoosha mkono.

Nilikimalizia kitabu na kukituma. Baada ya miezi kikarudi na barua fupi: wamesoma, wameona risala ndefu, hadithi hawakuiona. Hawakuniandikia tena, nami sikuandika tena ila ripoti za shule. Hayo ningeyavumilia.

Lakini mama aliiona ile bahasha. "Kimerudi? Basi nisomee."

Nilimsomea alasiri tatu, yeye akipepeta maharage ugani. Alisikiliza mfereji. Alisikiliza kitalu, josho na ushirika wa mboga, hakucheka hata mara moja, wala hakunikatiza. Kila nilipofungua ukurasa mpya alikuwa anaacha kupepeta kidogo, ananitazama, kisha anaendelea. Alasiri ya tatu nikafunga daftari la mwisho.

"Imekwisha, mama."

"Dada yako yuko wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia habari za mkutano, na maneno ya mwenyekiti, na jinsi tuzo ilivyofanya kila mtu akaogopa kitakachosomwa.

"Waliomtoa ni wangapi?"

"Wote, mama."

"Na wewe?"

Nilitazama maharage. Ningeweza kumdanganya, maana hakuwa akienda mikutanoni, na majirani wale asingewauliza. Nikashindwa. Nikasema nami nilinyoosha mkono.

Mama alichagua jiwe kwenye ungo, akalitupa. Hakukasirika. Aliongea polepole, kana kwamba jambo lililomsumbua miaka mingi limemkalia sawa.

"Kumbe na wewe hukuja kumbeba."