Wito wa Mfaume

Watu wa kodi hawajui matanga. Mfaume wa hapa kwetu Maparoni alikuwa ameshazikwa, arobaini imesomwa, na vitu vyake vimegawiwa kama desturi inavyotaka: shoka la kukatia mikoko kwa mdogo wake Saadi, kanzu na kofia kwa wajomba, hata viatu vyake vilivyolalia upande vikapata mtu. Mjane wake, Mwamvua, alitoka eda akakuta nyumba tupu. Hawakujaliwa mtoto. Hata jina la mumewe watu walilikwepa mbele yake, wakidhani wanamsitiri.

Ndipo ikaja barua, kwa mashua ya kutoka Nyamisati. Mwamvua akaniletea mimi jirani yake nimsomee.

"Ndugu Mfaume Khamisi," nikasoma. "Unatakiwa kufika mwenyewe Kibiti kuhusu kodi ya biashara yako ya boriti."

Hasira zilinipanda. Biashara yenyewe aliifungua juzi juzi tu, serikali iliporuhusu kila mtu kufanya biashara, nayo ilikufa kabla yake.

"Nenda ukawaambie amefariki, shoga, wamfute," nikamwambia. "Ukinyamaza watakuandama wewe, nawe huna kitu."

"Nisomee tena hapo juu."

Nikasoma.

"Tena," akasema.

Tulikwenda Kibiti pamoja. Njia nzima nilimfundisha maneno: amefariki, biashara imekwisha, basi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, barua ameifunga kwenye pindo la kanga.

Afisa tuliyemkuta alikuwa kijana mpole, nami nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akatuamkia, akampa Mwamvua kiti, akafungua faili na kushika kalamu.

"Mzee Mfaume mwenyewe yuko wapi, mama?"

Mwamvua aliitazama ile kalamu. Miezi yote ile hakuna aliyemtaja mumewe kama mtu anayeweza kuingia mlangoni. Nilijua wakati huohuo kwamba maneno yangu ya njiani yamepotea bure.

"Amesafiri," akasema.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Hakugeuka.

"Atarudi lini?"

"Hakuniambia."

Kijana akafunga faili. "Basi, mama, itabidi tumwandikie tena."

"Mwandikieni, mwanangu," Mwamvua akasema. "Mimi nipo nyumbani. Nitampokelea."