Feni Tatu za Gari Lililobeba Ngozi

Gari lile lilinuka kabla hujalifungua. Ungekuwa umesimama nje, mkono haujafika kwenye kitasa, na pua tayari imejua. Mwanzo lilikuwa la wageni waliozunguka nchi wakilala ndani yake. Lilikuwa na kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki ndogo kama bakuli la uji na makabati ya mbao nyepesi. Wageni walipoondoka, lilinunuliwa na mfanyabiashara wa hapa Isiolo, akang'oa meza na viti akalijaza ngozi mbichi kutoka kichinjioni. Alibeba ngozi humo miaka miwili, na chumvi yake na mafuta yake. Mwishowe likanunuliwa na mradi wa chanjo ya mifugo. Hao walilipaka rangi nyeupe kwa nje na kuamua kwamba sasa ni nyumba tena.

Aliyepewa kulala humo ni mdogo wangu.

Tulizaliwa wanne. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla ya mwaka kuisha, na mimi nilikuwa darasa la saba. Sikurudi shule. Nilishika mahali pa mama katika biashara ya maziwa ya ngamia, na wadogo zangu wakakulia kwenye mitungi hiyo. Wawili wana nyumba zao sasa. Huyu wa mwisho, msichana, ndiye aliyesoma mpaka akapata cheti cha afya ya mifugo, na ndiye aliyezaliwa na kifua kibovu. Ana pumu. Kazi ya chanjo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuajiriwa: wiki tatu kufuata mifugo kati ya Kulamawe na Sericho, wiki moja nyumbani. Alipomweleza msimamizi wake kwamba hapumui vizuri ndani ya gari lile, alijibiwa kwa sauti ya upole ambayo hadi leo inanichefua.

"Tafuta feni ya paa, tutaiweka. Lakini ukiona haiwezekani, tuambie kabla ya Jumatatu. Wanaosubiri kazi ni wengi."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Tulianza kwa kuosha. Nilidhani nayajua mafuta, kwa sababu maziwa nayo yana mafuta na nimesugua mitungi tangu utotoni. Lakini haya yalikuwa yameingia kwenye maungio ya mbao, na kila tulipomwaga maji ya moto yalitoka upya, ya manjano, na nywele za mbuzi zimenata ndani yake. Mdogo wangu alifanya kazi akiwa mlangoni, kichwa nje, mikono ndani. Kila baada ya muda alikwenda kukaa mbali na kuvuta dawa yake.

"Dada, tuseme tu haiwezekani," alisema siku ile ya kwanza.

"Wewe umechanja ng'ombe anayerusha mateke. Utashindwa na harufu?"

"Ng'ombe anarusha teke mara moja anaondoka. Hii inalala na mimi."

Feni ya zamani ilikuwa imekufa, na tundu lake kwenye paa lilikuwa limezibwa na nailoni na utepe mweusi. Nilipanda juu nikabandua. Afadhali nisingeona. Chini ya nailoni mlikuwa na mende waliokauka, manyoya ya ndege, na kitu laini cha kijivu ambacho nilikishika kwa vidole kabla sijajua ni mafuta ya ngozi yaliyopanda na joto na kugandia huko. Nilipima tundu kwa mkono. Lilikuwa mraba, shubiri moja na nusu kila upande. Kisha nikashuka nikanawa mara tatu, na jioni hiyo nilipokula ugali niliunusa kwanza.

Jumatano niliingia mjini kutafuta feni. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kudanganywa juu ya upepo.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi walinionyesha kofia ya bati yenye mapezi, ile unayoiona juu ya maghala ikizunguka yenyewe. Haitumii umeme. Mwenye duka, mtu wa makamo mwenye tumbo lililokaa mezani kabla yake, alisema hiyo ndiyo inayofaa mahali pa upepo kama kwetu.

"Na upepo ukilala?"

"Hapa upepo unalala lini, mama?"

Upepo wa Isiolo hulala wakati ule ule joto linapokufunika kama blanketi. Yeye amezaliwa hapa na anajua. Nilimwachia kitambulisho changu nikaichukua kwenda kuijaribu.

Duka la vifaa vya sola lilikuwa na kijana mwenye miwani ya jua aliyoivaa ndani ya duka lenye giza. Alinitolea feni ya plastiki nyeupe kwenye boksi lenye picha ya familia inacheka.

"Hii ni orijino, mathe. Volti kumi na mbili, haili betri, haina kelele."

Nilimwomba aiwashe. Ilizunguka kimya kweli. Niliweka kiganja juu yake, sikuhisi kitu. Nikaweka shavu.

"Mbona haivuti?"

"Inavuta, mathe. Hewa haionekani."

"Sikuuliza kama inaonekana."

Wenzake wawili waliokuwa wakichaji simu walicheka, na yeye akakasirika kidogo, akaanza kunisomea namba zilizo kwenye boksi kana kwamba namba zingenipuliza. Alinipa kwa masharti kwamba mdogo wangu aje kuacha kitambulisho chake pia. Tukaacha.

Ya tatu niliipata gereji, upande wa barabara ya Moyale. Fundi mmoja Mmeru alikuwa na gari jingine la wageni, lililopinduka zamani, amelikata vipande. Kwenye paa lake ilibaki feni yake yenyewe, na fremu ya mraba, na kifuniko kinachoinuliwa kwa kuzungusha kishikio. Ilikuwa na swichi ya kuvuta hewa nje au kuiingiza ndani.

"Hiyo ndiyo yenyewe," fundi alisema. "Lakini mama, usiiangalie kwa chini."

Niliiangalia kwa chini. Wavu wake haukuwa wavu tena. Ulikuwa mkate wa nzi waliokufa, vumbi na mafuta ya kupikia ya watu nisiowajua, na katikati ndege alikuwa amejenga, akaondoka, akaacha yai moja lililopasuka. Fundi alikubali niende nayo kuijaribu kwanza. Nilifunga kitu kile kwenye gunia na kukibeba mbali na mwili wangu njia nzima, na nilikuwa nimeshaamua kwamba hicho hakitakaa juu ya kichwa cha mdogo wangu.

Alhamisi mchana tukazijaribu. Kwa kuwa hewa haionekani, kama kijana alivyosema, nilitumia kinachoonekana. Sisi wa maziwa hufukiza mitungi. Unaweka vijinga vya mti wenye moshi mtamu, unafunga kifuniko, unaacha moshi ushike kuta mpaka maziwa yakiingia yasiharibike njiani. Nimefanya hivyo kila asubuhi ya maisha yangu. Basi niliweka vijinga kwenye sufuria kuukuu, nikaiweka sakafuni mwa gari karibu na mlango, nikafunga madirisha yote na mlango, na nikaziba na tambara chini ya mlango. Nilitaka jaribio la haki, moshi wote ubaki ndani na feni ndiyo iutoe. Mdogo wangu nilimweka mbali, upande unakotoka upepo.

Kofia ya bati ilizunguka kwa madaha. Nilichungulia kupitia kioo cha mbele, moshi ulikuwa umekaa palepale. Feni nyeupe iliimba wimbo wake mdogo, moshi ukakaa. Ile ya gereji niliiweka mwisho, na mikono nimeizungushia gunia ili nisiiguse. Ilinguruma kama kinu. Nilipofungua mlango kidogo kuongeza kijinga, mlango ulivutika kurudi ndani, nikalaani bawaba. Nilifunga tena. Moshi ukakaa.

Nilikaa juu ya jiwe, feni ikiendelea kunguruma, nikiwa nimechukizwa na kila kitu. Nilichukizwa na wauza feni watatu, na boksi lenye familia inayocheka, na mtu aliyejaza nyumba ngozi, na yule msimamizi na upole wake. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mdogo wangu aandike barua ya kuacha kazi.

Hapo simu yake ikalia. Alikuwa ameisahau kitandani, ndani ya gari. Alijua mlio ule ni wa kazini, na kabla sijasimama alikuwa amefungua mlango, amejifunika mdomo kwa mtandio, ameingia. Mlango ukajibamiza nyuma yake.

Nilimsikia akikohoa, kisha nikasikia kikohozi kikigeuka kuwa ule mluzi mwembamba ambao naujua kuliko sauti yangu. Nilikimbilia mlango. Yeye hakuweza kurudi huko kwa sababu sufuria ya moto ilikuwa kati yake na mimi. Alifanya lililobaki. Alisukuma kidirisha kidogo kilichokuwa kando ya kitanda, akatoa uso nje, akavuta hewa.

Nilikuwa nimeshika kitasa nilipoona moshi ukitoka juu. Ulitoka kwenye feni chafu kama unatoka kwenye bomba la moshi, mzito, ulionyooka. Nilipofungua mlango ndani kulikuwa kumeanza kuwa kweupe. Nilipiga sufuria teke ikaanguka nje, nikamtoa, nikamkalisha, nikampa dawa yake ya kuvuta. Mara ya kwanza haikufika. Mara ya pili ilifika.

Alipopata sauti alisema, "Dada, ulifunga gari kama mtungi."

"Nilitaka moshi usitoke pengine."

"Feni itoe hewa, halafu iingie hewa gani?"

Ni jambo ambalo mtoto angelijua. Mtu hawezi kunyonya maziwa kwenye mtungi uliozibwa. Mikono yangu ilikuwa imezoea kufunga, nayo ilifunga, na mdogo wangu akawa ndani. Nimechukizwa na mambo mengi katika hadithi hii, lakini sijachukizwa na kitu kama mikono yangu mchana ule.

"Na simu ilikuwa ya nani?" nilimuuliza.

"Ya msimamizi. Sikuiwahi, lakini najua anataka kujua kama nimeamua." Alifuta machozi ya moshi. "Atasubiri. Washa tena. Mimi nakaa huku."

Tulirudia, yeye akiwa mbali kabisa na mimi nimeacha kidirisha wazi upana wa kiganja. Kofia ya bati ilitoa moshi upepo ulipovuma, na upepo ulipotulia moshi ulirudi chini kama mgeni aliyesahau kofia yake. Feni nyeupe ilitoa nusu, polepole, na baada ya muda ikaanza kunuka plastiki inayoungua, tukaizima. Ile ya gereji ilisafisha gari lote kabla sijamaliza kufunga kilemba changu upya.

Kwa hiyo ikawa hiyo. Nilikuwa nimeapa isingekaa juu ya kichwa chake, na sasa ilibidi niisafishe mwenyewe, kwa kuwa yeye asingeweza kuvuta vumbi lile. Ijumaa niliifungua skrubu kwa skrubu. Niliiloweka katika maji ya moto na magadi, nikakwangua wavu kwa kisu, nikatoa nzi kwa mafungu. Yai lilikuwa na kitu ndani. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika, nikanawa uso, nikarudi. Mapezi kumi yalitoka chini ya ule uchafu, safi, rangi ya maji. Nilirudisha zile nyingine mbili madukani na kuchukua vitambulisho vyetu. Kijana wa sola aliniuliza kama nimeona inavyovuta. Nilimwambia nimeiona, na nikamwambia pia inanuka. Aliirudisha kwenye boksi lake.

Fundi aliifunga Jumamosi asubuhi, akazungushia gundi ya mpira ili mvua isiingie. Lilibaki vumbi. Kidirisha kikiwa wazi, vumbi linaingia, na vumbi ni adui wa kifua kama moshi. Nilikata kitambaa cha shashi, nikakilowesha, nikakitundika kwenye kidirisha cha upande wa kivuli. Baada ya saa moja kilikuwa chekundu, na ndani hakukuwa na kitu.

Mchana aliingia akafunga mlango, akalala. Saa nane, jua la kupasua mawe. Nilikaa nje, mgongo kwenye gurudumu, nikisikiliza. Feni ilinguruma, na chini ya ngurumo nilitafuta ule mluzi. Nilitafuta mpaka masikio yakaniuma. Alitoka karibu na alasiri, uso umevimba kwa usingizi, alama ya mto shavuni.

"Vipi kifua?"

"Kifua kiko." Alinusa mkono wa gauni lake. "Lakini nanuka kama kichinjio."

Alimpigia msimamizi simu palepale, akamwambia anakwenda. Jumatatu alfajiri aliondoka na dereva. Mitungi yangu ya siku hiyo niliifukiza kwa kuchelewa, na wateja walinung'unika.

Alinipigia Alhamisi kutoka Sericho, mtandao ukikatika.

"Unalala?"

"Nalala. Jana nimechanja ngamia mia mbili. Kitambaa nakilowesha mara tatu."

"Na harufu?"

"Dada, harufu ile haitoki. Wenyeji wananiuliza nauza ngozi bei gani."

Nilicheka, na yeye akacheka, na nilisikiliza kicheko chake mpaka mwisho, kilipoishia kwenye pumzi. Ilikuwa pumzi tu.