Mzee Wangu na Maneno ya Mfilipino

Mzee alikuwa wangu, na mtu asinibishie. Miaka miwili kwenye nyumba ile ya wazee pale Parramatta, huku ughaibuni, mimi ndiye niliyemwogesha, nikamnyoa, nikamlisha uji. Alikuwa Mhindi, mwalimu mstaafu wa Kisanskriti, macho yake yakiona ukungu tu. Akisikia viatu vyangu, anatabasamu.

Kisha akaletwa muuguzi, binti Mfilipino. Siku ya kwanza tu akamwita "guro". Mzee akashtuka: neno hilo umelitoa wapi? Kumbe lugha za Ufilipino zimebeba maneno ya Kisanskriti, yaliyopitia visiwa vya Wamalai na wafanyabiashara, yakabadilika maana njiani. Guru wa mzee ni mtu wa kuinamiwa; guro wa Mfilipino ni mwalimu yeyote, hata wa chekechea. Dukha kwa mzee ni huzuni, kwao ni fukara. Chinta kwake ni wasiwasi. Kwao imekuwa sinta, yaani mpenzi.

"Hapo mmepatia," mzee akasema, akicheka mpaka akakohoa. "Mpenzi ni nini kama si wasiwasi?"

Haki, wivu ulinikaba. Mimi nimesimama na mashuka mkononi, wao wanacheka kama watu wa ukoo mmoja! Nikajikakamua, nikamwambia mzee Kiswahili nacho kina maneno ya Kihindi: gari, chapati. "Vizuri," akasema, kisha akauliza kesho yule binti anaingia zamu saa ngapi. Woi! Nilinuna kwenye treni hadi kwangu Bankstown, nikaapa maneno ya mwanamke yule hayatapita mdomoni mwangu.

Baadaye Mfilipino akaenda likizo kwao. Mzee akadhoofika, akagoma kula. "Mzee wangu, kidogo tu," nilimbembeleza. Akafumba mdomo, akageukia ukuta. Daktari alisema asipokula atapelekwa hospitali, na sisi wa zamu tulijua wazee wetu wakipelekwa huko ni nadra kurudi. Uji ulikuwa unapoa. Nikakimeza kiapo changu, nikainama sikioni mwake, nikaita polepole, "Guro."

Akageuka. Akafungua mdomo. Kijiko baada ya kijiko, bakuli likaisha. Kisha akapapasa, akaushika mkono wangu kwa nguvu zake zote, akanishukuru kwa jina la yule Mfilipino.

Nikaitika.